Usichomoe waya wa betri gari ikiwa inaunguruma

Ile meseji ya "gari ikigoma kuwaka asubuhi, ibusti (iwashe kwa umeme wa betri ya gari nyingine), ikiwaka chomoa waya wa betri, ikizima jua altaneta (mashine inayochaji betri) imekufa" imerudi tena kwenye magrupu. Jamani hapana. Zamani kwenye gari za kabureta ilikuwa inapita ndo maana mafundi wazee wanaiamini na siwalaumu, ila gari za sasa zimejaa kompyuta na betri ndo inayotuliza umeme wa altaneta, ukiichomoa ghafla volti zinaruka juu na zinaweza kuunguza kompyuta ya gari au altaneta yenyewe iliyokuwa nzima. Na gari isipozima bado hujajua kama inachaji vya kutosha.

Chukua mita ya kupimia volti, hata ya bei rahisi, upime betri. Gari imezimwa na imepumzika, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ikibaki 12 na kitu haichaji. Ila kwanza angalia ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri, mara nyingi tatizo ni hapo tu. Ukiletewa hiyo meseji usiiforwadi.