Tiba ya homoni baada ya kukoma hedhi: nani inamfaa na nani ajiepushe nayo

Akinamama wanaofika kliniki wakilalamika kuwa mwili unawaka moto mara nyingi wameshapita kwingi. Wamepimwa malaria, wamepimwa presha, wengine wameshasomewa na kufushwa. Kaskazi ikishika, hata wenyewe hudhani ni joto la msimu. Lakini joto la msimu halimwamshi mtu saa nane usiku shuka imerowa jasho, na mumewe pembeni amejifunika gubigubi. Mwanamke wa miaka 45 hadi 55 mwenye hali hiyo, na hedhi imeshaanza kuruka miezi, jambo la kwanza kulifikiria ni ukomo wa hedhi.

Dawa inayotuliza dalili hizi kuliko nyingine zote ni homoni ya istrojeni, ile ile ambayo ovari zimepunguza kuitoa. Hushusha joto na jasho, hurudisha usingizi, na hulinda mifupa isiwe myepesi kuvunjika. Hata hivyo wengi wakiisikia tu, neno linalofuata ni saratani.

Hofu hiyo ina asili yake. Julai 2002, nchini Marekani, sehemu moja ya utafiti wa Women's Health Initiative ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Wanawake 16,608 walikuwa wamegawanywa: wengine walipewa istrojeni pamoja na projestini (homoni ya pili, ya kukilinda kizazi), wengine vidonge visivyo na dawa. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, saratani ya matiti iliwapata 38 kati ya waliotumia homoni na 30 kati ya wasiotumia. Kiharusi 29 kwa 21. Kuvunjika nyonga ilikuwa kinyume: 10 kwa 15. Magazeti yakaandika kuwa hatari ya saratani imepanda kwa asilimia 26, na ni kweli, lakini asilimia hiyo ni wanawake wanane zaidi katika elfu kumi. Siwadharau hao wanane, kila mmoja ana watu wake. Nataka tu mama anayeamua aione hatari kwa ukubwa wake halisi.

Tena wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wengi wao hedhi imekoma zamani. Anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na hana maradhi ya moyo wala ya matiti, kwa kawaida faida humzidia madhara. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, au aliyetolewa ovari zote mbili angali kijana, tunamhimiza zaidi: kukaa bila homoni miaka yote hiyo kunamuumiza mifupa na moyo.

Mwenye kizazi hapewi istrojeni peke yake, kwa sababu huukuza ukuta wa ndani wa kizazi na unaweza kuzaa saratani. Lazima aipate pamoja na projestini. Aliyetolewa kizazi haihitaji projestini. Vidonge huongeza kidogo hatari ya damu kuganda miguuni na mapafuni. Kiraka cha kubandika au jeli ya kupaka ngozini, kwa kipimo cha kawaida, havijaonekana kuiongeza. Kiraka hubandikwa chini ya kiuno au kwenye tako, kamwe si kwenye titi, na ngozi iwe kavu, haijapakwa mafuta wala liwa, la sivyo kitabanduka. Ambaye shida yake ni ukavu na maumivu ukeni tu, dawa ndogo ya kuweka hapo hapo inamtosha.

Miezi ya mwanzo ya tiba damu inaweza kutoka bila mpango. Kwa mwenye sala na funga hili si dogo, basi aulize mapema: ipo mipango ya dawa inayoleta damu kila mwezi na ipo inayokusudia isitoke kabisa.

Asiitumie aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au mshtuko wa moyo, wala mwenye maradhi makali ya ini. Aliyewahi kuganda damu asianze kabla daktari hajampima kwa makini. Zipo dawa zisizo homoni za kupunguza joto, asidhani amefungiwa mlango. Na aliyekaa mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone, achunguzwe kwanza. Asifurahie kuwa siku zimerudi.

Linalonisikitisha ni mama kununua vidonge vya uzazi wa mpango duka la dawa kwa ushauri wa shoga yake. Homoni zake ni kali zaidi, na kwa mwenye presha au anayevuta sigara ni hatari.

Ukija hospitali ya Mnazi Mmoja, ya Chake Chake au kituo chochote kilicho karibu nawe, njoo na dawa zote unazotumia, za miti shamba pia, na ulizia kwanza nyumbani kama mama, dada au khalati aliwahi kuugua titi. Ukianzishwa tiba, tutataka kukuona tena baada ya miezi mitatu.