Je, Wajua Kwa Nini Tovuti Inayosomeka Vizuri kwenye Kompyuta Huonekana Kama Chembe za Vumbi kwenye Simu?

Mtu anayejifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti mara nyingi hukumbana na fumbo hili mapema sana. Mimi nilikumbana nalo Moshi, katika stendi kuu ya mabasi, nilipomfungulia mjomba wangu tovuti yangu binafsi niliyoijenga usiku kwa wiki kadhaa kwenye kompyuta ya kuazima. Kwenye kompyuta ile ilikuwa na safu tatu zilizonyooka: kushoto orodha ya kurasa, katikati maandishi, na kulia picha ya Kibo iliyopigwa alfajiri kabla mawingu hayajaifunika. Mjomba aliisogeza simu yake hadi karibu na pua, akaikodolea macho, kisha akaniuliza, "Mjomba, hapa umeandika au umemwaga pilipili manga?"

Simu yake haikushindwa kuisoma tovuti. Iliisoma yote, ila ilijifanya kompyuta.

Kwa miaka mingi, wajenzi wa tovuti walikuwa wakipanga kurasa kwa upana usiobadilika, wakiukadiria kwa vioo vya kompyuta vya wakati huo, ambavyo vingi vilikuwa na upana wa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha kwenye kioo) 800 au 1024. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, kioo chake kilikuwa na upana wa pikseli 320 tu, na kurasa hizo zingebanwa humo zingevurugika kabisa. Kampuni ya Apple ikatumia hila: kivinjari cha simu kiupange ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, kisha kiupunguze ukurasa mzima hadi uenee kwenye kioo halisi. Vivinjari vya simu nyingine vikafuata njia hiyohiyo, na hadi leo ukurasa usiotaja lolote kuhusu upana huchukuliwa kuwa ni wa zama hizo. Hesabu yake ni rahisi: kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, herufi yenye ukubwa wa pikseli 16 hupungua hadi takriban 6. Pilipili manga, kweli.

Hapa msomaji makini atauliza: mbona simu nyingi hutangazwa kuwa na pikseli 1080 kwa upana, nami nataja 360? Jambo hili lilinisumbua kuliko yote, na naona wanaofundisha hulipita haraka mno. Pikseli inayotajwa kwenye CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, si ile nukta ya mwanga iliyo kwenye kioo. Ni kipimo cha kufikirika, kilichowekwa ili herufi ya ukubwa fulani ionekane kwa jicho kwa ukubwa unaokaribiana iwe kwenye kompyuta ya mezani au kwenye simu ya kiganjani. Vioo vya kisasa vina nukta ndogo mno, hivyo simu kama hizo mara nyingi hutumia nukta tatu kwa upana na tatu kwa urefu, yaani tisa kwa jumla, kuchora pikseli moja ya CSS. Na 1080 ukiigawa kwa tatu unapata 360.

Dawa ya kwanza ni mstari mmoja unaowekwa kwenye kichwa cha faili ya HTML (lugha inayobeba maandishi na picha za ukurasa), wenye jina viewport na agizo width=device-width, maana yake upana wa ukurasa uwe upana wa kifaa. Niliuongeza nikidhani nimemaliza kazi. Herufi zilikua kweli, lakini safu ya picha ikatoweka nje ya kioo, ikawa lazima kuivuta kwa kidole kutoka pembeni. Mstari ule huifanya simu iseme ukweli kuhusu upana wake tu. Safu zangu tatu nilikuwa nimezifunga kwa pikseli 960, na hakuna aliyezifungua.

Mwaka 2010 mbunifu wa Marekani, Ethan Marcotte, aliipa jina na kuieleza njia ya kujenga ukurasa unaojinyoosha na kujikunja kulingana na kioo: upana uandikwe kwa asilimia, picha zisizidi asilimia 100 ya mahali zilipo, na yawepo masharti yanayobadilisha mpangilio pale upana unapofikia kiwango fulani. Nilifuta mpangilio wangu wote, nikaanza na safu moja kwa ajili ya simu, kisha nikaweka sharti kwamba safu tatu zitokee pale tu upana unapofika pikseli 700 au zaidi. Kuanza na kidogo kulikuwa rahisi mno kuliko kubana kilicho kikubwa.

Safari iliyofuata, mjomba aliisoma simu ikiwa imelala pajani mwake. Lawama zikahamia kwenye picha ya Kibo, iliyochelewa kufunguka na kula bando lake. Sikuwa na utetezi, kwa kuwa CSS hupunguza kile jicho linachokiona, si uzito wa faili inayopakuliwa: picha yangu yenye upana wa pikseli 4000 ilisafiri nzima hadi kwenye simu yake, ndipo ikapunguzwa. Niliipunguza yenyewe hadi pikseli 1080, sawa na nukta za kioo chake, nikaipakia upya.