Sitari ya Ravi Shankar iliyoko London: tazama daraja kabla ya jina

Mwaka 2017 Sukanya Shankar, mjane wa Ravi Shankar, na binti yao Anoushka waliipa British Museum ya London mojawapo ya sitari (ala za nyuzi za India) alizopiga mwanamuziki huyo. Imewekwa katika ukumbi namba 33, ukumbi wa China na Asia ya Kusini. Aliyeitengeneza, mwaka 1961, ni Nodu Mullick, fundi wa Calcutta, mji unaoitwa leo Kolkata. Wageni wengi hufika, husoma jina la mpigaji, hupiga picha na kupita. Tungependa wabaki dakika kumi. Ala iliyonyamaza ina mengi ya kumweleza anayezijua sehemu zake, na kuitunza kunahitaji maamuzi magumu ambayo umma una haki ya kuyaelewa.

Kuhusu mpigaji tutasema machache. Alizaliwa Varanasi tarehe 7 Aprili 1920. Akiwa na miaka kumi alikwenda Paris na kundi la ngoma la kaka yake Uday, na mwaka 1938 akaliacha jukwaa hilo kwenda Maihar kusoma kwa Allauddin Khan, mwalimu mkali aliyemlea upya kimuziki. Alifanya kazi All India Radio kuanzia 1949 hadi 1956, kisha akaanza ziara za Ulaya na Marekani zilizomfikisha kwenye matamasha ya Monterey mwaka 1967 na Woodstock mwaka 1969. India ilimtunukia Bharat Ratna, nishani yake ya juu kabisa ya kiraia, mwaka 1999. Alifariki tarehe 11 Desemba 2012.

Anayesahaulika ni fundi. Mullick hakuishia karakanani. Alisafiri na Shankar na kuketi nyuma yake jukwaani akipiga tanpura, ile ala ya nyuzi chache inayovuma sauti ileile mwanzo hadi mwisho ili mpigaji asipotee. Ina maana aliisikia kazi ya mikono yake kwa umbali wa hatua mbili, usiku baada ya usiku, katika joto la taa na katika baridi ya kumbi za ugenini. Akisikia kasoro, aliyeifahamu dawa yake alikuwa yeye mwenyewe. Mafundi waliopata nafasi hiyo ni wachache mno.

Anza kutazama kwa kuhesabu vibuyu. Kile kikubwa cha chini, kinachoitwa tumba, kina upana wa sentimita 30 na ushei, na ukuta wake ni wa milimita chache tu. Sitari za mtindo wa Shankar huwa na kibuyu cha pili, kidogo, kilichofungwa kwa skrubu nyuma ya shingo karibu na juu. Mtindo mwingine mkubwa, ule wa mpigaji mwenzake Vilayat Khan, kwa kawaida hauna kibuyu cha juu na una nyuzi kuu sita. Wa Shankar una saba, kwa sababu umeongezwa nyuzi mbili nene za sauti ya chini kabisa. Ndiyo maana mwanzo wa onyesho lake, ule utangulizi wa polepole usio na ngoma, hushuka hadi sauti za kifuani ambazo sitari nyingine hazizifikii.

Shingo huitwa dandi. Ni pana, karibu sentimita tisa, na ndani ina uwazi. Mbao zinazotumika ni msaji, ule ambao wengi tunauita mtiki na ambao milango mingi ya kale ya Zanzibar na Lamu imechongwa kwao, au tuni, mti mwekundu mwepesi zaidi. Mbao hukaushwa kwa miaka mingi kabla ya kuguswa na patasi. Juu ya shingo zimepangwa pete 19 au 20 za chuma zilizopinda kama upinde. Hazikupigiliwa misumari. Kila moja imefungwa kwa uzi, na mpigaji huisogeza juu au chini kidogo kulingana na raga anayoipiga, yaani mpangilio wa sauti ambao muziki wake hujengwa juu yake. Kwa hiyo pete zikikutwa mahali fulani, mahali hapo ni ushahidi: panaonyesha sauti ambazo mpigaji wa mwisho alizipanga. Mhifadhi anayezisawazisha ili zipendeze machoni amefuta maandishi.

Chini ya pete hizo kuna tabaka la pili la nyuzi, 13 kwa kawaida, ambazo mara nyingi hazipigwi. Huitwa tarafu, wengine husema tarabu, jina linalofanana na lile lililotupa taarabu yetu. Hutetemeka zenyewe pale sauti yao inapopigwa juu yao, na hapo ndipo unatoka ule mwangwi unaobaki hewani baada ya kidole kuondoka. Pamoja na zile saba kuu ni nyuzi 20, na zote hupatanishwa upya raga inapobadilika. Kazi hiyo huchukua muda. Katika tamasha la kuichangia Bangladesh, New York, tarehe 1 Agosti 1971, watu walipiga makofi Shankar na wenzake walipomaliza kupatanisha, wakidhani kipande cha kwanza kimekwisha. Yeye akawaambia kwa upole kwamba kama wamependa kupatanisha kiasi hicho, anatumaini watapenda zaidi muziki wenyewe.

Sasa lije daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso wa ala, na hapa tunaomba subira ya msomaji.

Daraja la udi, gambusi au gitaa ni ukingo mwembamba: uzi unaligusa mahali pamoja na kuondoka. La sitari ni bapa, kama meza ndogo yenye upana wa vidole viwili hivi, iliyotengenezwa kwa mfupa, pembe ya kulungu, mpingo au, zamani, pembe ya ndovu. Uso wake hauko sawa. Unainama polepole mno kuelekea upande wa shingo, kwa kiasi cha sehemu ya milimita. Uzi unapotetemeka hulilamba daraja: unaligusa, unaachia, unaligusa tena, na urefu wa sehemu inayotetemeka hubadilika mara nyingi kila sekunde. Mguso huo ndio unaozaa mvumo wa sitari, ule mlio mkali unaong'aa kama shaba iliyosuguliwa. Uso huo, pamoja na sauti inayotokana nao, huitwa jawari.

Fundi huitengeneza jawari kwa tupa laini, kisha msasa, kisha kioo au jiwe la kung'arishia. Hupiga tupa mara mbili tatu, hurudisha uzi, husikiliza, huutoa tena. Akizidisha mwinamo, mvumo hupotea na sauti hukatika haraka. Akiuacha uso tambarare mno, uzi hukwaruza na noti hukosa mwili. Kila uzi una unene wake, hivyo kila uzi unadai mwinamo wake juu ya daraja lilelile, na ukiurekebisha mmoja unaweza kumharibia jirani. Jawari iliyo wazi hutoa mvumo mwingi; iliyofungwa hutoa sauti ya mviringo, karibu na ya kuimba. Kati ya hizo mbili kuna ngazi nyingi, na masikio ya Mullick na Shankar yaliafikiana ngazi moja.

Tatizo ni kwamba jawari haidumu. Uzi wa chuma hukata mfereji kwenye mfupa. Mpigaji anayefanya mazoezi saa kadhaa kwa siku huona mifereji hiyo ndani ya miezi, na fundi hulazimika kulisugua daraja upya, kulipunguza tena, hadi siku linapotupwa na kuwekwa jingine. Kwa hiyo mtu akisema makumbusho yairudishie sitari sauti yake, anachoomba ni kwamba daraja lipigwe tupa. Na likipigwa tupa, alama za mwisho zilizoachwa na nyuzi chini ya mkono wa yule mpigaji zitageuka vumbi la mfupa mezani. Haiwezekani kupata vyote viwili.

Msimamo wetu ni huu: ala za mafundi wakubwa waliokwisha kufa zisisuguliwe. Zipimwe, zipigwe picha kwa mwanga wa ubavuni unaoonyesha mifereji, na nakala itengenezwe na fundi hai kwa vipimo hivyo. Nakala ipigwe. Tunajua wanamuziki wengi hawakubali. Husema ala isiyopigwa inakufa. Tunalichukulia neno hilo kwa uzito, na kwa sitari mpya au ya kawaida ni kweli kabisa. Lakini sauti ya Shankar ipo kwenye rekodi nyingi, ilhali mifereji ya daraja haina rekodi nyingine.

Hata bila kupigwa, ala huendelea kufanya kazi, na hilo huwashangaza wengi. Uzi mkuu wa kwanza ni wa chuma cha pua chenye unene wa takriban milimita 0.30, ukivutwa hadi sauti yake ya kawaida, unavuta kwa nguvu ya karibu kilo 6. Nyuzi nene za shaba nyeusi huvuta kilo 7 au 8 kila mmoja. Jumlisha zote 20, utapita kilo 60 kwa urahisi, zikivuta shingo yenye uwazi ndani na kukandamiza ubao mwembamba wa uso, uitwao tabli, juu ya kibuyu kikavu. Miaka ikipita, shingo hupinda mbele, tabli hubonyea chini ya daraja, na kiungo cha shingo na kibuyu, gulu, huanza kufunguka kwa ufa mdogo kama unywele. Ufa huo ndio wa kwanza kukaguliwa.

Dawa ni kulegeza, lakini kwa utaratibu. Nyuzi hazitolewi zote. Daraja kubwa mara nyingi halikuchomekwa wala kufungwa. Limeshikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu, nazo zikitoka litaanguka na mahali pake patapotea. Hupunguzwa sauti nne au tano chini ya kawaida, kidogo kidogo, ukibadilisha upande mmoja na mwingine wa shingo ili mvuto usiegemee mahali pamoja. Kabla ya hapo, miguu ya daraja hupimwa kutoka kingo za tabli na kupigwa picha. Kigingi kikigoma kuzunguka hakilazimishwi kwa koleo. Mara nyingi unyevu umekivimbisha, nacho kitalegea chenyewe hewa ikitulia.

Hewa ndiyo adui wa pili. Mbao, kibuyu na mfupa hunywa unyevu na kuutema kwa kasi tofauti, na vimegundishwa pamoja. Hewa ikikauka ghafla, kama inavyotokea majira ya baridi ya Ulaya mitambo ya joto inapowashwa, kimoja husinyaa kabla ya jirani yake na gundi huachia. Makumbusho mengi hulenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55 na joto la nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Muhimu kuliko namba zenyewe ni utulivu: sitari iliyokaa miaka kwenye asilimia 60 bila kuyumba iko salama kuliko ile inayopanda na kushuka kati ya 40 na 55 kila siku. Ala ikisafirishwa, sanduku lake huachwa limefungwa walau saa 24 katika chumba kipya kabla ya kufunguliwa.

Kisha kuna bungua. Kibuyu kikavu kwao ni chakula, na tundu moja la ukubwa wa kichwa cha pini lenye unga mpya chini yake linatosha kuitenga ala na nyingine siku hiyohiyo. Dawa za kupuliza hazifai, huharibu vanishi na chuma. Kugandisha nako kuna hatari kwa kitu chenye vifaa vingi vilivyogundishwa. Njia tulivu ni kuifunga ala ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kuijaza naitrojeni hadi oksijeni ishuke chini ya asilimia 0.5, na kusubiri wiki tatu hadi tano katika joto la chumba. Wadudu hukosa pumzi, mayai pia.

Kabati lenyewe linaweza kuwa sumu. Mbao kama mwaloni, na baadhi ya gundi na mazulia, hutoa mvuke wa asidi unaokula metali. Mapambo meupe ya sitari nyingi za karne ya 20 ni ya seluloidi, plastiki ya zamani ambayo ikizeeka huwa ya njano, hupasuka na kutoa asidi yenyewe, ikazitia kutu nyuzi zilizo karibu. Kwa pembe za ndovu tatizo ni la kisheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inaruhusu kuuza ala iliyotengenezwa kabla ya 1975 ikiwa pembe ni chini ya asilimia 20 ya ujazo wake, tena kwa kusajiliwa. Ndiyo sababu kutambua kama daraja ni mfupa au pembe hufanywa kwa hadubini, maana macho matupu hudanganyika.

Baadhi ya haya yanafaa nyumbani. Familia nyingi za pwani zina gambusi, taishokoto au kinanda cha mvukuto kilichoachwa na babu. Bara kuna mazeze yenye vibuyu vya aina hiihii. Zilegezwe nyuzi, zisitundikwe ukutani juani wala kwa shingo, zilazwe chali juu ya kitambaa laini cha pamba, na mikono iwe mikavu. Mafuta ya kupikia au ya nazi yasipakwe kwenye kibuyu: huvuta vumbi na wadudu, na huzuia gundi isishike siku ya kutengeneza.

Ukifika London, kiingilio ni bure, na mlango wa Montague Place ndio ulio karibu zaidi na ukumbi namba 33. Simama ubavuni mwa kabati badala ya mbele. Inama hadi jicho lako liwe sawa na daraja, kisha usogee polepole mpaka mwanga wa taa uteleze juu ya uso wake. Hapo utafute mistari myembamba chini ya nyuzi.