Mwili wa mwanajeshi una wenyewe wawili

Juzi pale kijiwe cha kahawa Isevya, hapa Tabora, kuna mzee alinibana kweli kweli. Alikuwa ametoka kuzika mahali, mazishi ya kijeshi, na hasira zake bado ziko juu juu. Akaniuliza mbele za watu, "We si ulikuwa jeshini, hebu niambie, kwa nini mnatunyang'anya maiti zetu? Mtoto tumezaa sisi, tumelea sisi, akifa mnakuja na bunduki mnatupanga pembeni kama wageni waalikwa." Watu wakaguna, wengine wakainamia vikombe vyao. Nikamjibu hovyo tu, nikamwambia mzee wangu itifaki ndo ilivyo, halafu nilivyofika nyumbani nikajiona mjinga, maana swali lake lina haki ya kujibiwa na mimi ndo nilitakiwa kulijibu. Basi haya ndo majibu yake, najua yeye hasomi blogu ila wajukuu zake wanasoma.

Kwa msionijua, nimetumikia JWTZ mpaka nikastaafu na cheo cha sajinitaji, na miaka kumi na moja ya mwisho nilikuwa napangwa mara kwa mara kwenye kundi la kusindikiza miili ya wenzetu kwenda kuzikwa kwao, hasa mikoa ya huku, Tabora na Kigoma. Saivi nafuga nyuki zangu njia ya Sikonge. Sitataja jina la marehemu wala kikosi, familia zipo na vidonda havijakauka.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, hili la mjeda kurudishwa akazikwe kwao si la zamani kihivyo. Vita ya Kwanza ya Dunia babu zetu Wanyamwezi walibebeshwa mizigo ya majeshi ya Wazungu, hapa Tabora penyewe Wabelgiji waliingia Septemba 1916, na wale wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa homa na kuhara na njaa kuliko risasi, wakafukiwa pembeni ya njia na safari ikaendelea. Wengi wao majina hayakuandikwa. Kilichobaki ni Kariakoo ya Dar, ambayo ni Carrier Corps jinsi ilivyotua kwenye midomo ya Waswahili. Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979, mashujaa wengi wamelala Kaboya kule Muleba, na wale wa mapigano mengine, waliokufa upande wa Msumbiji, wapo Naliendele, Mtwara. Zipo familia huku kwetu wanajua mtu wao yuko Kaboya na hawajawahi kulitia kaburi lake machoni.

Hili la jeneza kuja kwa ndege, gwaride, bendera, mkuu wa wilaya, limekolea zaidi enzi hizi za ulinzi wa amani. Julai 2013 tulipoteza vijana 7 kwa siku moja Darfur, Sudan. Tarehe 7 Desemba 2017 waasi wa ADF wakavamia kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini kule Kongo, tukapoteza 15, na Guterres wa Umoja wa Mataifa akasema ni shambulio baya kuliko yote kwa walinda amani katika historia ya karibuni. Wakaagwa Dar es Salaam, kisha kila jeneza likashika njia ya kwao. Hiyo ya kuagwa Dar ndo mnayoiona kwenye TV. Mimi kazi yangu ilikuwa inaanza kamera zikishazimwa.

Na inaanza na taarifa. Utaratibu ni familia iambiwe ana kwa ana, wanaenda watu wazima wawili watatu, ikiwezekana na sheikh au padri wa eneo hilo, na unamtafuta baba mkubwa au mjomba kwanza kabla hujamfikia mama. Siku hizi WhatsApp imetuharibia, unafika mmenyoosha kombati zenu mnakuta turubai limeshafungwa na kinamama wanalia, na nyie ndo mnaonekana mmechelewa kuleta habari ya mtoto wao. Hapo ukijifanya kusoma karatasi uliyoandikiwa umekwisha. Unavua kofia, unakaa mkekani, unaanza na salamu ya mwangaluka kama mtu mwingine yeyote aliyekuja msibani.

Sasa jibu lenyewe, mzee wangu. Mwili wa mwanajeshi una wenyewe wawili. Jeshi linamdai heshima yake, kwamba aliapa na akafa akiwa kwenye kiapo, huwezi kumtua tu kama mzigo wa basi. Na familia inamdai mtoto wao. Kazi ya msindikizaji ni kukabidhi kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na makosa yote niliyoyaona, yote kabisa, yalitokea pale ambapo hakuna aliyekaa chini mapema kupanga ni wapi hasa mkono mmoja unaachia na mwingine unapokea. Mkifika na gari siku hiyo hiyo ya mazishi mmeshaharibu. Atangulie mtu mmoja siku mbili kabla, akae na mwenyekiti wa kijiji na wazee wa ukoo, bila bunduki.

Gumu kuliko yote ni kufungua jeneza. Jeneza linalotoka nje ya nchi ndani lina bati la zinki limechomelewa, na mara nyingine hali ya mwili hairuhusu, nadhani mnanielewa. Mama anataka kuona uso. Afisa anasema hairuhusiwi. Mama anasikia kwamba mnamficha kitu, au humo ndani hayumo mwanangu, na hilo wazo likishaingia kichwani halitoki mpaka anakufa na yeye. Nimekutana na mama mmoja Urambo miaka minne baada ya mazishi bado anapika chakula cha mtu mmoja zaidi. Baada ya hapo nikawa nawasihi wakubwa wangu, kabla mwili haujaondoka Dar, ukoo uteue watu wawili waende wakaone pale mochwari, mmoja awe mjomba, ndugu wa tumbo moja na mama. Akirudi yule akasema dada nimemuona, ni yeye, ana lile kovu la begani, imeisha. Mama anamwamini kaka yake. Afande hata awe na nyota ngapi ni mgeni tu.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyotia aibu. Vijana wa kijijini wanachimba kaburi kwa kipimo cha fimbo, wanampima marehemu kwa kukumbuka alikuwa anafika wapi wakisimama naye. Jeneza la zinki ni pana na zito kuliko la fundi wa mtaani. Nishawahi kushuhudia linakwama nusu, gwaride limesimama, tarumbeta limeshalia, na vijana wawili wanarudi shimoni na sululu wanachonga kingo huku mkuu wa wilaya anaangalia viatu vyake. Toka siku ile nikawa natembea na tepu mfukoni, napima Dar, namtumia mwenyekiti meseji ya namba mbili, urefu na upana, jumlisha sentimita ishirini kila upande kwa ajili ya kamba na mikono.

Bendera nayo haizikwi, inakunjwa kabla jeneza halijashuka. Wambieni watu mapema, maana kuna sehemu shangazi aliruka akashika ncha akilia "mnamvua nguo mwanangu!" na aliyekuwa anakunja kijana wa watu akabaki ameganda.

Iliyonifundisha zaidi ni Ujiji. Pale familia ni Waislamu wa siku nyingi, maiti kwao haingoji. Ratiba yetu inasema gwaride saa tisa, wazee wanasema tunazika baada ya adhuhuri. Na ishu nyingine ni kubeba. Sisi tunabeba wanajeshi wanaolingana vimo, hatua za polepole, mmoja akikosea wote wanaonekana. Wao kila mwanaume anataka bega lake liguse jeneza, wanapokezana, na wanaenda mbio mbio kwa sababu kumharakisha maiti ni sunna. Tulikaa usiku kucha, chai ya tangawizi birika baada ya birika. Tukakubaliana: sisi tutabeba kutoka kwenye gari mpaka mlango wa msikiti kwa mwendo wetu, saluti inapigwa pale, bendera inakunjwa pale, na kuanzia swala ya jeneza ikiisha ni mali yao. Walipotoka msikitini wakaondoka na lile jeneza kama maji yaliyofunguliwa, na gwaride letu nyuma, kila mtu na buti zake, tunakimbizana nao kwenye mchanga tukijaribu kubaki kwenye mstari. Luteni wetu alikuwa hoi. Lakini mle makaburini hakuna mtu aliyesema tumemnyang'anya chochote. Mlango wa msikiti ndo ulikuwa makabidhiano yenyewe, na kila mtu aliuona kwa macho.

Huku Unyamwezini usisahau watani. Nilikuwa na koplo Mzaramo kwenye kundi, na Wazaramo na Wanyamwezi mnajua habari zao, toka enzi za misafara ya kwenda pwani. Tumemaliza saluti, jeneza liko juu ya kamba, yule koplo akavua bereti, akaenda kukaa pale kwenye udongo wa kaburi, anasema huyu Mnyamwezi alikufa na deni langu, hazikwi mpaka nilipwe. Luteni usu mmoja mgeni wa mambo haya akakunja uso, anataka amchukulie hatua papo hapo. Nikamshika mkono nikamwambia afande tulia. Wazee walikuwa wameshaanza kucheka na machozi yanawatoka, mmoja akatoa elfu mbili, koplo akasema haitoshi, marehemu alikuwa mlafi, ikaongezwa elfu moja, akainuka. Baba wa marehemu, ambaye alikuwa hajatoa neno siku tatu, ndo aliongea pale, alimtukana yule koplo tusi moja zuri sana la kitani. Hakuna kitabu cha gwaride kilichoandika hilo.

Risasi za heshima ni risasi baridi, hazina kichwa, zinapigwa mara tatu hewani. Ila mlio ni ule ule. Tangazeni kwa spika siku moja kabla, ng'ombe wafungwe mbali, watoto waambiwe. Na kwa Kigoma upande wa Kasulu na Kibondo mkumbuke kwamba kuna kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, ipo toka 1996, kuna watu pale walikimbia mlio huo huo wa bunduki kwao, si haki waamshwe nao bila kuambiwa.

La mirathi nalitaja fasta maana linanuniwa sana: jina lako kuwa kwenye fomu ya ndugu wa karibu kule jeshini halikufanyi mrithi peke yako. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, chukueni cheti cha kifo, mteue msimamizi mwende naye Mahakama ya Mwanzo. Aliyefia kwenye misheni ya Umoja wa Mataifa kuna fidia ya kifo, na hiyo hela nimeona ikivunja nyumba ambazo kifo chenyewe hakikuzivunja. Kuna na medali, ya Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola 1961 akihangaikia hiyo hiyo Kongo. Huwa zinatolewa kwenye maadhimisho ya siku ya walinda amani, ambayo ni tarehe 29 Mei.

Nimalizie na maganda. Watu hawajui kwamba yale maganda ya risasi yanahesabiwa na kurudishwa stoo, likipungua moja kuna maelezo ya kuandika. Kijiji kimoja Uyui walipiga wapigaji tisa, mara tatu, tukaokota 26. Tumetafuta kwenye majani mpaka giza linaingia, watoto wote wamepekuliwa mifuko, hamna. Usiku yule luteni usu wa kwenye utani akasema hatuondoki. Nikaenda kwa bibi wa marehemu kuaga tu, nikaona pindo la khanga yake lina fundo.

Nikachuchumaa. Nikamwambia bibi, hiyo kitu ina hesabu yake. Akasema anajua, amesikia tunavyohangaika. "Mmenipa karatasi za kuweka dole gumba. Hiki nimekiokota mwenyewe." Nikamueleza habari za stoo na listi, kadri ninavyoeleza naona aibu. Akaniuliza mkikipeleka huko mnakifanyia nini. Nikamwambia ukweli, kinahesabiwa, kinawekwa kwenye sanduku na wenzake. Akanyamaza sana. Mwisho akasema, "Njoo asubuhi. Na huyo anayehesabu mwambie hiki kililala kwangu."

Saa kumi na mbili na nusu nikaenda, alikuwa ameshalifungua fundo na ganda amelisugua kwa majivu linang'aa. Kwenye fomu nikaandika yamerejeshwa 27. Pale kwenye maoni nikaandika na hilo neno la bibi kama alivyolisema, luteni akalisoma, akaangalia pembeni, akasaini.