Taa za nje kwenye modeli ya nishati: zisiingie ndani, zisipotee

Kwenye ofisi za Dar es Salaam anayekula umeme ni kiyoyozi, hilo halina ubishi. Lakini nikipewa modeli ya nishati ya jengo niikague, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria umeme litakaotumia, naanza na taa za nje. Hizo ndizo huniambia upesi kama aliyeitengeneza alisoma mchoro wa umeme wa kiwanja kizima, hadi getini, au aliishia kwenye kuta za jengo.

Taa ya ndani inalipiwa mara mbili: umeme wake, kisha umeme wa kiyoyozi unaoliondoa joto lake. Ya nje inalipiwa mara moja tu, joto lake linachukuliwa na upepo. Ndiyo maana EnergyPlus, programu ya kutengenezea modeli hizi, ina kipengele chake maalumu, Exterior:Lights, ambacho hakifungwi kwenye chumba chochote. Unaandika wati, ratiba na namna taa zinavyodhibitiwa, basi. Matumizi yanakwenda moja kwa moja kwenye mita.

Chukua hoteli yenye kilowati 3 za taa za bustani, halafu mtu akazijumlisha kwenye taa za mapokezi kwa kuwa swichi zake ziko hapo kaunta. Programu itaamini joto hilo lote limo ndani. Kiyoyozi kikiwa na ufanisi wa 3, yaani kila kilowati 1 ya umeme inaondoa kilowati 3 za joto, kila saa ya usiku kinaongezewa kilowati 1 ya kuondoa joto ambalo halipo. Kwa usiku wa saa 12 hizo ni uniti hewa 12. Kwa mwaka, 4,380. Tena mashine yenyewe inaweza kuchaguliwa kubwa kuliko inavyohitajika, na hapo ndipo hela inapotoka kweli.

Kwenye saa za kuwaka, sisi wa karibu na ikweta tuna unafuu. Usiku wa Dar hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kila wati 1 inayowaka usiku kucha ni takriban uniti 4.4 kwa mwaka. Hesabu hiyo unaifanya umesimama saiti. Ukiona taa za fensi za kilowati 2 kwenye mchoro, halafu ripoti inaonyesha uniti 3,000, jua ratiba ina kasoro; huenda ilinakiliwa kutoka kwenye taa za ofisini.

Kwenye namna ya kudhibiti, kwa jengo jipya mimi huchagua AstronomicalClock: programu inakokotoa jua liko wapi, na likishachomoza taa zinazimwa hata kama ratiba inasema ziwake. Kwa jengo linalotumika tayari nakuwa mwangalifu zaidi. Pale ambapo taa zinazimwa kwa mkono wa mlinzi, AstronomicalClock inaficha ukweli. Zikiachwa hadi saa 3 asubuhi kila siku, umeongeza robo nzima ya matumizi, na modeli haitalingana na bili hata uhangaike vipi na mipangilio ya kiyoyozi. Hapo naiacha ifuate ratiba peke yake, na ratiba naipata kwa kumuuliza mlinzi. Meneja wa jengo atakupa jibu zuri, ila mlinzi atakupa la kweli.

Wati nazo: andika zile za taa nzima pamoja na balasti, kifaa kinachodhibiti umeme wa taa. Taa ya sodiamu ya wati 250 huvuta kati ya 270 na 300.

Kwenye kulinganisha na jengo la rejea, yaani jengo la kufikirika la kupimia akiba, ndiko watu hujipendelea. ASHRAE 90.1, kiwango cha Marekani cha ufanisi wa nishati wa majengo, kwenye Kiambatisho G, kinagawa maeneo ya nje mafungu mawili. Maegesho ya wazi na njia za miguu yana wati za rejea, kwa hiyo ukiweka taa zenye ufanisi unahesabiwa akiba. Kuta za mbele zilizopambwa kwa taa hazimo humo: wati zinakuwa zilezile pande zote mbili. Mbunifu akipunguza taa za ukutani kwa nusu, bili inashuka kweli, ila kwenye asilimia za ripoti hapati kitu. Mwambie mteja mapema, kabla hajaahidiwa pointi za cheti cha jengo la kijani.

Maegesho ya chini ya jengo ni habari nyingine. Kwenye 90.1 yanahesabiwa na taa za ndani, japo hayana kiyoyozi, na mara nyingi hayazimwi: saa 8,760 kwa mwaka, mara mbili ya taa za fensi.

Jengo likiwa na sola juu ya paa, toa matokeo ya saa kwa saa. Jumla ya mwaka inaweza kuonyesha sola imezifidia taa za nje zote, wakati zinawaka jua likiwa limeshazama na, pasipo betri, kila uniti yake inatoka gridi, tena zikianzia jioni ileile ambayo mji mzima umewasha. Taa zenye paneli na betri yake kwenye nguzo huziondoi kwenye mchoro, ila wati zake kwenye mita ya jengo ni sifuri. Na paneli zake usizihesabu tena kwenye sola ya jengo.