Tezi shingoni: protini zinatuambia nini kuhusu saratani?

Shingo ina tezi za limfu, yaani vichujio vidogo vya kinga ya mwili, zipatazo 300. Saratani ya ulimi, ufizi, tonsili, koromeo au zoloto (kisanduku cha sauti) ikianza kusambaa, kwa kawaida hupita hapo kwanza kabla ya kufika kwenye mapafu. Tezi yake mara nyingi ni ngumu, haiumi na haipungui, na kwa kuwa haiumi, mtu hukaa nayo. Wengine huanzishiwa dawa za kifua kikuu bila kipimo chochote, maana TB ya tezi kwetu ni ya kawaida. Tezi ya mtu mzima iliyopita wiki tatu, hasa kama anavuta sigara, anakunywa pombe au anatumia ugoro, kuberi au tambuu, ichomwe sindano nyembamba ya kuchukua seli za kupima, na kinywa na koo vikaguliwe siku hiyohiyo.

Kwa nini uvimbe mmoja hubaki ulimini na mwingine hukimbilia shingoni? Jibu moja limo kwenye protini iitwayo E-kadherini, inayoshikanisha seli za ngozi laini ya kinywa. Maabara tunakata kinyama, yaani kipande kilichotolewa kwenye uvimbe, vipande vyembamba mno, tunaweka kingamwili inayonasa protini hiyo, kisha rangi. Kwenye ulimi mzima, hadubini inaonyesha wavu wa kahawia uliozunguka kila seli. Ukisogea kwenye ukingo wa saratani, pale inapochimba kuelekea ndani, mara nyingi wavu umechanika, na seli mbilimbili au tatutatu zimejitenga na kundi. Uvimbe pia hutoa VEGF-C, protini inayochochea mishipa ya limfu kuota, na hiyo ndiyo njia yenyewe ya kwenda kwenye tezi.

Tafiti nyingi zimehusisha upungufu wa E-kadherini na kusambaa kwenye tezi. Hata hivyo, mimi siwezi kumshauri daktari wa upasuaji aiache shingo bila kutoa tezi kwa sababu tu wavu unaonekana mzima. Kina cha uvimbe bado kina uzito zaidi. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilichapisha mwaka 2015 utafiti wa wagonjwa wa saratani changa ya kinywa ambao shingo zao hazikuwa na dalili ya tezi. Waliotolewa tezi mapema, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliosubiri hadi tezi zijitokeze, asilimia 67.5. Maana yake, vidole vya daktari huchelewa kuikuta saratani.

Protini tunayoitegemea kazini kila siku ni p16. Hujaa kwenye seli pale kirusi cha HPV, kilekile cha saratani ya mlango wa kizazi, kinapoendesha saratani ya tonsili au shina la ulimi, na tunasema ipo ikiwa angalau asilimia 70 ya seli za saratani zimekolea rangi. Hapa mambo hugeuka. Saratani za namna hii hupenda sana kuingia kwenye tezi, lakini matibabu huzikubali vizuri zaidi. Kwa kanuni za kupanga hatua za saratani zilizoanza kutumika 2018, uvimbe mdogo wa tonsili wenye tezi moja ya sentimita 2 upande uleule ni hatua ya kwanza kama p16 ipo, na hatua ya tatu kama haipo. Tofauti hiyo haihamishiwi kwenye saratani ya kinywa wala zoloto. Wala si ruhusa ya kupunguza dawa: majaribio mawili makubwa yaliyoweka setuksimabu mahali pa sisplatini, dawa ya kawaida ya saratani, kwa wagonjwa hawa yalionyesha uhai ukipungua.

Kuna pia tezi yenye saratani ambayo chimbuko lake halionekani popote. Hapo p16 ikionekana ipo, daktari huelekezwa kwenye tonsili na shina la ulimi.

Haya yote hutegemea chupa. Kinyama kikikaa kwenye maji, au kikicheleweshwa kuingia kwenye dawa ya kukihifadhi, protini huharibika na majibu yetu hayaaminiki. Kinatakiwa kiingie mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama chenyewe. Kwa kuwa ndugu wa mgonjwa ndio hubeba chupa hiyo kutoka wilayani, waulize kabla ya kuondoka: hii ni formalini? Na fomu imeandikwa kinyama kimetoka wapi, upande upi?