Sato wa kizimba si GMO, jamani

Ile sauti ya WhatsApp imerudi tena. Mnaijua: bwana asiyejitambulisha, sauti nzito, anaonya kwamba sato wote wa vizimba vya Ziwa Victoria ni "GMO", wamepandikizwa jeni, ndiyo maana wananenepa upesi, na watoto wa kiume wakiwala wataota matiti. Safari hii nimeletewa na mteja wangu wa siku nyingi wa vifaranga, akauliza kwa upole: "Fundi, na hawa wako je?" Nimeshachoka kulijibu kwa mdomo. Naandika, atakayeuliza tena namtumia kiungo.

Hakuna sato wa GMO anayefugwa kibiashara Tanzania, Kenya wala Uganda. Hakuna. Kinachowachanganya watu ni kwamba sato wa kisasa amepitia mambo mawili ambayo kwa masikio ya mtaani yanafanana na GMO.

La kwanza ni uteuzi wa wazazi. GIFT, ile mbegu maarufu ya sato, ilianza Ufilipino mwaka 1988. Watafiti walikusanya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali, wakawaunganisha na mbegu zilizokuwa zikifugwa Asia, kisha kila kizazi wakabakiza waliokua vizuri zaidi. Ni kama mkulima anayetenga magunzi makubwa ya mahindi kwa ajili ya mbegu, tofauti ni kwamba hawa walikuwa na mizani, kumbukumbu na subira. Ukuaji ukapanda kwa asilimia 10 hadi 15 kila kizazi. Hapo hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyoingizwa. Nalipita haraka kwa sababu halina ubishi.

La pili ni homoni, na hapa ndipo nakasirika, maana pande zote mbili husema uongo nusu.

Sato jike hubeba mayai mdomoni. Kwenye kizalishio tunamshika, tunamfungua mdomo taratibu, tunayamwaga mayai kwenye beseni na kuyahamishia kwenye mitungi ya kutotolesha. Kifaranga anapomaliza kiini cha yai na kuanza kuogelea juu, viungo vyake vya uzazi bado havijaelekea upande wowote. Tunatumia dirisha hilo. Methiltestosteroni, homoni ya kiume, inayeyushwa kwenye spiriti, inachanganywa na chakula cha unga, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo, inakaushwa kivulini, na vifaranga wanalishwa siku 21 hadi 28. Karibu wote wanakuwa madume. Tunataka madume kwa sababu wanakua upesi, na kwa sababu bwawa lenye majike hujaa watoto kabla hujavuna, ukaishia na ndoo za samaki wa kidole.

Sasa sikiliza. Jeni za samaki huyo hazijaguswa. Jike aliyegeuzwa kuwa dume, ukimpima vinasaba, bado ana kromosomu zake za jike, XX. Ukimpandisha na jike wa kawaida, watoto karibu wote watatoka majike. Mtu anayesema amebadilishwa jeni hajui anachosema. Na dozi hiyo aliila akiwa kifaranga mchanga; hadi afike sahanini kwako imepita miezi sita au zaidi, na mwili wake huiondoa homoni hiyo ndani ya wiki chache. Matiti ya watoto wako tafuteni sababu nyingine.

Lakini wenzangu wa vizalishio, msishangilie. Maji ya matangi hayo yanakwenda wapi? Nani anachanganya kile chakula bila glavu wala barakoa, mwaka mzima? Kelele za WhatsApp zingeelekezwa huko ningekaa kimya. Na "madume watupu" tunaowauza si watupu. Hubaki majike wachache, na maji yakiwa ya baridi au vifaranga wakianza kulishwa wamechelewa, hawawi wachache tena. Vitabu vinaandika asilimia nzuri. Mfugaji huzijua zile halisi siku ya kukausha bwawa.

GMO ya kweli upande wa samaki wa chakula ni salmoni wa AquAdvantage. Ni salmoni wa Atlantiki aliyewekewa jeni ya homoni ya ukuaji kutoka salmoni wa Chinook, pamoja na kipande cha DNA cha samaki wa baharini aitwaye ocean pout, kinachofanya kazi kama swichi. Salmoni wa kawaida huzalisha homoni hiyo kwa misimu. Huyu swichi yake haizimwi, kwa hiyo anafikia uzito wa sokoni kwa miezi 16 hadi 18 badala ya miaka mitatu hivi. Si kwamba anakuwa jitu. Anafika mapema tu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilimpitisha Novemba 2015, Kanada ikafuata 2016. Alifugwa kwenye matangi ya nchi kavu, majike pekee, wenye seti tatu za kromosomu ili wasizae. Desemba 2024 kampuni yake, AquaBounty, ilitangaza kusitisha ufugaji.

Wasiwasi wa mazingira juu ya samaki huyo haukuwa upuuzi, na hapa naachana na wenzangu wanaocheka kila anayeuliza. Kumpa samaki seti tatu za kromosomu kunafanywa kwa kuyabana mayai kwa shinikizo kubwa muda mfupi baada ya kurutubishwa, na hakuna anayeahidi asilimia 100. Mwaka 1999 Muir na Howard walipiga hesabu kwa kompyuta wakitumia takwimu za samaki wadogo, medaka: dume wa GMO akiwa mkubwa akapendwa na majike, lakini watoto wake wakawa dhaifu, jeni ile inaweza kusambaa huku ikiimaliza jamii nzima ya samaki. Ni hesabu, si tukio, na ninavyoona mimi ilitiwa chumvi na kila upande ulioinukuu. Kanada walipofuga salmoni wa coho wa GMO pamoja na wa kawaida kwenye matangi, chakula kilipokuwa kingi hapakuwa na shida. Kilipopungua, wale wa GMO walitawala, wakala wenzao, na matangi mengine yakabaki karibu matupu. Novemba 2020 jaji wa Marekani aliiambia FDA kwamba haikupima vya kutosha madhara ya samaki hao wakitoroka. Hakufuta kibali, alirudisha kazi ikafanywe.

Na wa GMO walishatoroka kweli, ila si wale tuliokuwa tunawalinda. Mwaka 2022 watafiti wa Brazili waliripoti samaki wa mapambo wanaong'aa, waliowekewa jeni za kung'aa, wakizaliana kwenye vijito vilivyo karibu na mashamba ya samaki wa mapambo. Kumbuka uuzaji wao Brazili umepigwa marufuku.

Kinachoniudhi ni kwamba swali lile zuri, "akitoroka na kuzaa itakuwaje?", watu wanamuuliza yule salmoni wa AquAdvantage peke yake. Sisi tuna jibu la swali hilo mlangoni. Sato hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, sawa na sangara. Ngege na mbiru, wenyeji wa ziwa, leo watoto wetu hawawajui. Ngege umtafute kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Kenya. Sangara amelaumiwa, na kwa haki, lakini sato naye alibanana nao mazalio na chakula, na akazaa nao. Mashariki mwa Tanzania vipimo vya vinasaba vimeshawakuta machotara wa sato na perege wa asili. Hakuna GMO hata mmoja kwenye mkasa huo. Ni samaki wa kawaida kabisa, aliyebebwa kwa ndoo na watu wenye nia njema.

Ndiyo maana WorldFish, shirika la utafiti wa samaki, kwa miaka mingi ilisita kuirudisha GIFT barani Afrika, ingawa asili ya mbegu ni huku huku: waliogopa ichanganyikane na sato wa porini.

Mimi mwenyewe nikinunua wazazi huanza na mkia, maana sato safi ana mistari wima iliyonyooka pezi zima. Mistari ikififia namrudisha. Tatizo ni kwamba chotara aliyerudi kupandishwa na sato vizazi kadhaa anakuwa na mistari kama kapigwa rula, na jicho halimkamati. Maabara ingemkamata, ila vizalishio vingi havipeleki sampuli, ni gharama.

Kwa hiyo oda napokea, za Mwanza, Mara na Kagera hata kesho, maana kule sato ameshaingia ziwani. Ila kama bwawa lako liko huko mashariki, bonde la Wami, Rufiji au Pangani, kabla ya kuniuliza bei niambie kwanza maji yanatokea wapi mvua ikijaza, na mdomo wa bomba umefungwa chujio gani. Ukiniambia yanaingia mtoni, nitakwambia ufuge kambale wa huko huko kwenu.